Majimbo ya uchaguzi ya bonde la Kilombero

Majimbo ya uchaguzi ya bonde la Kilombero ni majimbo manne ya Bunge la Tanzania yaliyopo kusini mwa Mkoa wa Morogoro, yaani Kilombero, Mlimba, Ulanga na Malinyi. Kila jimbo huchagua mbunge mmoja. Mji mkubwa wa bonde hilo ni Ifakara, lakini hakuna jimbo lenye jina lake. Wakazi wa mji huo hupiga kura katika Jimbo la Kilombero pamoja na watu wa Kiberege, Mang'ula, Sanje na Kidatu.

Jina "Kilombero" huwachanganya wasomaji kwa sababu linatumika kwa mto, bonde, wilaya na jimbo, na mipaka ya vitu hivyo hailingani. Mkazi wa Mngeta yuko katika bonde la Kilombero na katika Wilaya ya Kilombero, ila mbunge wake ni wa Mlimba. Mkazi wa Lupiro huenda Ifakara kwa shughuli za soko na hospitali, kisha hurudi ng'ambo ya mto, katika Wilaya ya Ulanga, ambako mbunge na mkuu wa wilaya ni wengine kabisa. Hata jina "Ulanga" lina asili ya mto huohuo, kwani Ulanga ni jina lingine la mto Kilombero. Wilaya mbili zinazotazamana zimepewa majina mawili ya mto mmoja.

Neno "jimbo"

Wakati wa utawala wa Waingereza "jimbo" lilimaanisha sehemu kubwa ya nchi iliyokuwa chini ya mkuu wa jimbo, kama Jimbo la Ziwa, Jimbo la Kati au Jimbo la Mashariki. Baada ya uhuru sehemu hizo zilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na mikoa. Neno likabaki na maana ya eneo linalomchagua mbunge.

Katika Ifakara kuna maana ya tatu, ambayo kwa watu wengi ndiyo inayosikika mara nyingi zaidi: jimbo la Kanisa Katoliki. Jimbo Katoliki la Mahenge lilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 2012 Jimbo la Ifakara likamegwa kutoka kwake. Kwa hiyo habari kwamba "jimbo la Ifakara limezaliwa" ni ya kweli, lakini inahusu askofu, haihusu mbunge.

Mto na nchi

Bonde limelala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Katikati hupita mto Kilombero, ambao huungana na Luwegu na kuwa Rufiji. Wakati wa mvua kubwa mto hufurika na kutandaa juu ya uwanda mpana wa mashamba ya mpunga, malisho na mabwawa ya samaki. Mwaka 2002 eneo oevu la Kilombero liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 7,967.

Wakazi wa asili ni pamoja na Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wambunga. Viwanda vya sukari, reli ya TAZARA na rutuba ya ardhi vimewaleta watu kutoka karibu kila pembe ya nchi, na katika miongo ya karibuni wamefika pia wafugaji wenye makundi makubwa ya ng'ombe. Ndiyo maana ardhi, mpaka wa hifadhi na ugomvi wa wakulima na wafugaji havikosekani katika kampeni za ubunge pande zote mbili za mto.

Majimbo mawili, Kilombero na Mlimba, yako upande wa reli, chini ya Udzungwa. Ulanga na Malinyi yako ng'ambo. Hadi daraja lilipokamilika, mtu aliyetoka Ifakara kwenda Mahenge au Malinyi alivuka kwa kivuko. Foleni ilikuwa ndefu, na mto ukijaa safari ilisimama. Januari 2016 kivuko MV Kilombero II kilizama kikiwa na abiria na magari. Daraja lenye urefu wa mita 384, linaloitwa Daraja la Magufuli, lilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Baada ya daraja barabara hufika Lupiro, nayo hapo hugawanyika: njia moja hupanda Mahenge, makao makuu ya Ulanga, na nyingine huelekea Malinyi.

Historia

Chini ya Waingereza bonde lote lilikuwa katika Wilaya ya Ulanga, iliyotawaliwa kutoka Mahenge, ndani ya Jimbo la Mashariki. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na 1959. Nchi iligawanywa katika maeneo 10 tu ya uchaguzi, na kila eneo lilitoa wajumbe watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kila mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu. Haki ya kupiga kura ilitegemea kipato, elimu au cheo, kwa hiyo wakulima wengi wa mpunga wa Kilombero hawakuwa na kura.

Mgombea wa TANU kwa kiti cha Mwafrika katika Jimbo la Mashariki alikuwa Julius Nyerere mwenyewe, na alimshinda Patrick Kunambi, kiongozi wa Waluguru. Kwa maana hiyo mjumbe wa kwanza aliyechaguliwa kwa niaba ya eneo lililokuwa na Ifakara ndani yake alikuwa mtu aliyekuja kuwa rais wa kwanza. Ni jambo ambalo hutajwa mara chache katika habari za mji huo, pengine kwa sababu eneo lenyewe lilikuwa kubwa mno kiasi kwamba hakuna wilaya iliyoweza kudai kuwa mjumbe huyo ni wake.

Kuanzia mwaka 1965 hadi 1990 Tanzania Bara ilikuwa na uchaguzi wa chama kimoja. Kwa kawaida kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili waliopitishwa na chama, mmoja akitumia alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Wagombea hawakushindana kwa sera, kwani sera ilikuwa moja. Walichoshindania ni nani anajulikana zaidi na nani atafuatilia barabara, zahanati na bei ya mazao.

Katika miaka ya 1970 Wilaya ya Kilombero ilitengwa na Ulanga, na Ifakara ikawa makao makuu yake. Miaka hiyohiyo reli ya TAZARA ilijengwa kupitia Kidatu, Ifakara na Mlimba, na bwawa la umeme la Kidatu likaanza kazi. Mahenge, uliokuwa mji wa boma tangu enzi ya Wajerumani, ulibaki mlimani ng'ambo ya mto wakati Ifakara ukipanuka. Mji huo ulikuwa tayari na hospitali ya Mtakatifu Fransisko na maabara ya utafiti iliyoanzishwa na Waswisi mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara.

Katika uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 2010 bonde lilikuwa na majimbo matatu: Kilombero, Ulanga Mashariki na Ulanga Magharibi. Upande wa Kilombero, mbunge mmoja aliwakilisha wilaya nzima, kuanzia mashamba ya miwa ya Kidatu hadi vijiji vya Uchindile na Masagati karibu na nyanda za juu za kusini. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 407,880 katika Wilaya ya Kilombero, wakati Ulanga, iliyokuwa na wabunge wawili, ilikuwa na watu 265,203. Kwa hesabu hiyo mbunge mmoja wa Kilombero alikuwa na watu zaidi ya mara tatu ya wastani wa kila mwenzake wa Ulanga.

Pengo hilo lilipunguzwa mwaka 2015, Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilipounda majimbo mapya nchini. Jimbo la Mlimba likakatwa kutoka Kilombero. Upande wa pili wa mto, Ulanga Magharibi ikaanza kujulikana kama Malinyi, jina la wilaya mpya iliyomegwa kutoka Ulanga, na Ulanga Mashariki ikabaki Ulanga.

Ifakara na mipaka yake

Wilaya ya Kilombero sasa ina halmashauri mbili, na kila moja inalingana na jimbo moja. Halmashauri ya Mji wa Ifakara mwanzoni ilihusu kata za mjini na za jirani tu, kama Viwanja Sitini, Kibaoni, Lipangalala, Mlabani na Katindiuka. Baadaye ilipanuliwa hadi kuzimeza kata zote za Jimbo la Kilombero. Sehemu iliyobaki, iliyoitwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilombero, ilibadilishwa jina na kuwa Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba.

Upanuzi huo uliondoa tatizo moja na kuzua jambo la ajabu. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani la eneo lake. Jimbo likiwa juu ya halmashauri mbili huzuka maswali ya yeye ahudhurie baraza lipi na apige kura wapi anapochaguliwa mwenyekiti, na katika baraza lenye vyama viwili vinavyokaribiana kwa idadi kura moja inaweza kuamua nani aongoze. Maswali hayo sasa hayapo. Lakini "mji" wa Ifakara kwa maana ya kiserikali unafika Kidatu, na kati ya Kidatu na Ifakara yenyewe kuna barabara ya takriban kilomita 67 inayopita mashamba ya miwa, mpunga na misitu ya Udzungwa. Msomaji anapokuta takwimu ya wakazi wa Ifakara inafaa atazame kwanza inahusu Ifakara ipi. Watu 290,424 waliohesabiwa mwaka 2022 ni wa halmashauri nzima, si wa mitaa inayozunguka soko na stendi.

Mlimba ilikuwa na watu 292,536 katika sensa hiyo. Kwa hiyo mgawanyo wa mwaka 2015 uliipasua Wilaya ya Kilombero karibu katikati kabisa kwa idadi ya watu. Kwa eneo si hivyo: Mlimba ni pana zaidi, na kata zake zimetawanyika kuanzia Idete na Namwawala, zisizo mbali na Ifakara, kupitia Mbingu, Mngeta na Chita, hadi Mlimba mjini, umbali wa zaidi ya kilomita 100. Masika barabara hiyo ilikuwa ikikatika mara kwa mara na watu kutegemea treni. Ulanga na Malinyi kila moja ilikuwa na watu zaidi kidogo ya laki mbili.

Majina ya mahali nayo yanahitaji uangalifu. Kuna kata ya Mwaya katika Jimbo la Kilombero na nyingine katika Ulanga. Kilosa kwa Mpepo iko Malinyi, haina uhusiano na Wilaya ya Kilosa.

Jinsi mipaka inavyochorwa

Ibara ya 75 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaipa tume ya uchaguzi kazi ya kugawa nchi katika majimbo, baada ya kupata kibali cha Rais, na kuchunguza mgawanyo huo angalau kila baada ya miaka 10. Katiba inataja upatikanaji wa mawasiliano na hali ya kijiografia kama mambo ya kuzingatiwa. Tume imeongeza vigezo vingine, vikiwemo idadi ya watu, hali ya uchumi na mipaka ya kiutawala: jimbo lisiwe ndani ya halmashauri mbili, na kata isiwe ndani ya majimbo mawili.

Mfumo wa Uingereza husaidia kuonyesha upekee wa utaratibu huo. Kabla ya mwaka 1832 mji wa Manchester, wenye viwanda vya nguo na makumi ya maelfu ya watu, haukuwa na mbunge wake, wakati Old Sarum, mahali palipobaki karibu patupu, palipeleka wabunge wawili. Sheria ya mwaka 1832 iliifuta Old Sarum na kuipa Manchester wabunge wawili. Leo sheria ya huko inaweka hesabu mbele. Katika mapitio yaliyokamilika mwaka 2023, kila jimbo la Uingereza, isipokuwa machache ya visiwani, lilipaswa kuwa na wapiga kura walioandikishwa kati ya 69,724 na 77,062. Ili kutimiza hesabu hiyo mipaka ya miji huvukwa bila kusita. Manchester ina majimbo matatu yenye jina lake, lakini mitaa yake mingine imeunganishwa na halmashauri jirani, kama katika majimbo ya Gorton and Denton na Wythenshawe and Sale East. Miji midogo hushirikiana na mashamba yanayoizunguka: mji wa Wells uko katika jimbo liitwalo Wells and Mendip Hills. Hali ya Ifakara inafanana na ya Wells kuliko ya Manchester, ila Wells wamebahatika kuona jina la mji wao katika jina la jimbo.

Tanzania haina kiwango cha aina hiyo kinachobana kila jimbo. Kwa sensa ya 2022, Bara ilikuwa na watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Majimbo ya Bara sasa ni 222 na ya Zanzibar 50, kwa hiyo jimbo la Bara lina wastani wa watu kama 270,000 na la Zanzibar chini ya 38,000. Sababu ya tofauti hiyo ni Muungano wenyewe, uliotaka upande mdogo usikike. Kwa wastani wa Bara, Kilombero na Mlimba yako juu kidogo, Ulanga na Malinyi chini kidogo. Bonde haliwezi kudai kwamba limepunjwa sana kwa idadi. Hoja yake ya kuomba majimbo zaidi imebaki kuwa umbali na maji.

Hoja hiyo haikutosha mwaka 2025. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipokaribisha maombi ya kugawa majimbo iliweka kiwango cha chini cha watu 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa jimbo la vijijini. Hakuna jimbo la bonde lililofikia kiwango hicho. Majimbo 8 mapya yalitangazwa Mei mwaka huo, na idadi ya taifa ikapanda kutoka 264 hadi 272, lakini hakuna lililotoka Mkoa wa Morogoro.

Kugawa jimbo kuna faida za wazi kwa wananchi. Mbali na sauti bungeni, kila jimbo hupata fedha za Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Sehemu ya fedha hizo hugawanywa sawa kwa majimbo yote, na nyingine kwa kuangalia idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati inayochagua miradi. Kabla ya 2015 kijiji cha Mlimba kilichohitaji mabati ya darasa kilishindania mfuko uleule na Kidatu.

Wabunge na chaguzi

Jimbo la Kilombero limekuwa gumu kwa wabunge. Katika chaguzi nne mfululizo lilichagua watu wanne tofauti: Castor Ligallama (CCM) mwaka 2005, Abdul Mteketa (CCM) mwaka 2010, Peter Lijualikali (Chadema) mwaka 2015 na Abubakar Asenga (CCM) mwaka 2020.

Mlimba katika uchaguzi wake wa kwanza, mwaka 2015, ilimchagua Suzan Kiwanga wa Chadema. Awali alikuwa mbunge wa viti maalumu, yaani mmoja wa wanawake wanaoingia bungeni kupitia vyama vyao bila kuwa na jimbo. Mwaka 2020 kiti kilichukuliwa na Godwin Kunambi wa CCM.

Ng'ambo ya mto mambo yalikwenda kwa utulivu zaidi. Ulanga Magharibi iliwakilishwa hadi mwaka 2010 na Juma Ngasongwa, aliyewahi kuwa waziri wa mipango na uchumi. Alifuatwa na Haji Mponda, waziri wa afya hadi mwaka 2012, aliyeshinda tena mwaka 2015 jimbo likiitwa Malinyi. Mwaka 2020 alichaguliwa Antipas Mgungusi. Ulanga Mashariki ilimchagua Celina Kombani mwaka 2005 na 2010, naye alishika wizara kadhaa, ikiwemo ya Katiba na Sheria. Alifariki nchini India tarehe 24 Septemba 2015 akiwa mgombea, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Kwa mujibu wa sheria uchaguzi wa ubunge ukaahirishwa katika jimbo hilo, na wananchi wakapiga kura ya urais Oktoba bila ya mbunge. Goodluck Mlinga wa CCM alishinda uchaguzi ulipofanyika baadaye mwaka huohuo. Salim Hasham, pia wa CCM, alimfuata mwaka 2020.

Matokeo ya mwaka 2015 yaliufanya mto uonekane kama mpaka wa kisiasa: majimbo mawili ya upande wa reli yalikwenda Chadema, mawili ya ng'ambo yakabaki CCM. Jimbo jirani la Mikumi, katika Wilaya ya Kilosa, nalo lilichukuliwa na Chadema kupitia Joseph Haule, mwanamuziki anayejulikana kama Profesa Jay. Majimbo hayo matatu yalifuatana kama mnyororo kando ya barabara na reli, kuanzia Mikumi hadi Mlimba. Ni rahisi kufikiri kwamba wafanyakazi wa viwandani, wakulima wa nje wa miwa na wahamiaji walipiga kura kwa namna tofauti na vijiji vya zamani. Hata hivyo Mlimba, yenye vijiji vingi vya mpunga, haikai vizuri katika maelezo hayo, na miaka mitano baadaye majimbo yote matatu yalirudi CCM.

Mpaka wa Kilombero na Mikumi unapita kwenye mto Ruaha Mkuu, katikati ya eneo la kampuni ya sukari ya Kilombero. Kiwanda cha Msolwa kiko upande wa Kilombero na kile cha Ruembe upande wa Kilosa. Wafanyakazi wa kampuni moja, wanaolipwa mshahara na mwajiri mmoja, wana wabunge wawili, na mkulima mwenye miwa pande zote mbili za mto hupiga kura mahali alipojiandikisha tu.